Nyaraka za Yohana na Wasomaji wa Ukambani

Ukishika njia ya kusini kutoka Mutomo utafika Ikutha, mahali ambapo wamisionari wa Kijerumani walijenga kituo chao mwanzoni mwa miaka ya 1890. Hata kabla yao, Krapf alikuwa amekwisha kuipiga chapa Injili ya Marko kwa Kikamba, mwaka 1850. Lakini Agano Jipya lote halikutokea kwa lugha hiyo mpaka mwaka 1920, na ndipo Mkamba alipoweza kujisomea nyumbani kwake zile nyaraka tatu fupi ziitwazo kwa jina la Yohana.

Labda wewe, msomaji, utauliza: mambo haya si ya mhubiri? Yaweje katika kitabu cha historia? Nakujibu kwamba waraka wa kale ni shahidi, na shahidi huhojiwa. Nani aliyeandika? Alimwandikia nani? Walikuwa wakigombania nini? Wataalamu wengi huuweka waraka wa kwanza karibu na mwisho wa karne ya kwanza, na mapokeo ya kale huutaja mji wa Efeso. Mwandishi wake hajitaji kwa jina. Yule wa nyaraka mbili za mwisho anajiita Mzee, basi.

Tuanze na dhambi, kwa maana hapo ndipo wasomaji wengi hukwama. Katika sura ya kwanza mwandishi asema kwamba mtu anayedai hana dhambi anajidanganya mwenyewe. Ukifika sura ya tatu unamkuta akisema kwamba aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi, tena hawezi kuitenda. Je, mtu mmoja aweza kuyasema yote mawili? Wafasiri wengi hukimbilia sarufi: kitenzi cha Kigiriki, wasema, chaonyesha jambo la kuendelea, kama sisi tusemavyo “hutenda” na si “ametenda”. Jibu hili ni zuri, wala si gumu kwa mtu ajuaye Kiswahili. Walakini mimi haliniridhishi, kwa sababu katika sura ya tano mwandishi yule yule amtaja ndugu aonekanaye akitenda dhambi, na namna ya kitenzi ni ile ile ya kuendelea. Naona yafaa zaidi kukumbuka kwamba alikuwa akipigana na watu wa namna mbili kwa wakati mmoja: waliojiona wamekwisha kutakata, na walioona kwamba matendo ya mwili si kitu.

Sasa litazame neno lenyewe. Kiswahili kililipokea “dhambi” kutoka kwa Waarabu. Wakamba walikuwa na maneno yao. Palikuwa na “naĩ”, yaani ubaya, neno ambalo wafasiri walilichagua. Tena palikuwa na “thavu”, unajisi umpatao mtu kwa kuvunja mwiko, ambao uliondolewa kwa dawa ya kutakasia iitwayo “ng'ondu”. Mwandishi wa waraka asemapo kwamba damu ya Yesu yasafisha, neno lake la Kigiriki ni lile la kutakasa unajisi. Mzee wa Kitui aliyeijua thavu hakuwa mbali na maana hiyo kama tunavyodhani; pengine alikuwa karibu nayo kuliko mwanafunzi wa London. Lakini mwandishi haishii hapo. Aiita dhambi uasi wa sheria, na atakaye kusafishwa sharti aiungame.

Mtu aliyelichungua sana jambo la namna hii ni John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931. Kitabu chake cha mwaka 1971 chaeleza jinsi Wakamba walivyoyapokea mafundisho ya Agano Jipya juu ya mambo ya mwisho, na jinsi mifano ya mbinguni ilivyochukuliwa kana kwamba ni vitu hasa vya kushikwa kwa mkono. Kisha, mwaka 2014, akatoa tafsiri yake mwenyewe ya Agano Jipya kwa Kikamba, aliyoifanya kutoka katika Kigiriki. Alifariki mwaka 2019.

Kwingineko Afrika Mashariki waraka huu ulizua moto. Wafuasi wa Uamsho, ulioenea kutoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, waliupenda sana ule mstari wa kutembea katika nuru, wakaungama dhambi zao mbele ya watu na kuwaonya wakubwa wao pia. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha dini cha Mukono kwa ajili ya mambo hayo.

Nasi twafikia walimu wa uongo. Waraka wa kwanza wasema kwamba watu fulani walitoka katika kundi kwa kuwa hawakuwa wa kundi hilo kamwe. Walikataa kwamba Kristo alikuja katika mwili. Mwandishi awaita wapinga Kristo, na neno hilo, usishangae, halimo kabisa katika Ufunuo. Lapatikana katika nyaraka hizi tu. Lakini angalia jinsi mstari huo ulivyo mwepesi kuokotwa na kila kundi linaloachwa. Mwaka 1945 Simeon Mulandi alianzisha kanisa la African Brotherhood, nalo likaenea Ukambani likiongozwa na Waafrika wenyewe. Hawakukataa kwamba Kristo alikuja katika mwili. Kutoka kwao hakukuwa kule kwa Efeso, na mtu awapimaye kwa mstari ule amesoma neno “walitoka” akaacha sababu.

Tena zisome nyaraka mbili za mwisho kwa pamoja. Katika wa pili Mzee aagiza kwamba mwalimu mgeni asiyeleta mafundisho yale asikaribishwe nyumbani. Katika wa tatu analalamika: mtu mmoja, Diotrefe, amekataa kuwakaribisha wajumbe wa Mzee, naye awafukuza kanisani wale wanaotaka kuwapokea. Mzee hasemi kwamba Diotrefe afundisha uongo. Asema apenda kuwa wa kwanza. Barua ya Diotrefe hatunayo. Kama angeandika, huenda angesema kwamba alikuwa akilinda mlango wake, kama Mzee alivyoagiza.