Redio Haichezi Ngoma Yako? Hivi Ndivyo Klabu za Densi Hutoa Wasanii wa Kantri

Kama unadhani msanii wa kantri kule Marekani hutoboa tu juu redio imecheza ngoma yake kila saa, bado hujapata rada. Kuna njia ingine ya kitambo ambayo bado iko moto: kuzunguka klabu za densi, moja baada ya ingine, hadi ngoma iingie kwa miguu ya watu kabla iingie kwa chati. Hivi ndivyo hiyo mambo huenda.

Hizi klabu ni gani?

Kwanza kuna honki-tonki, yaani baa yenye bendi live, bia na watu wa kucheza. Maarufu sana ni Tootsie's Orchid Lounge ya Nashville, iliyofunguliwa 1960. Iko nyuma tu ya Ryman Auditorium, ukumbi uliokuwa nyumbani kwa shoo ya Grand Ole Opry kuanzia 1943 hadi 1974. Wasanii walikuwa wanavuka kichochoro tu na wako ndani wanakata maji. Willie Nelson alikuwa anashinda hapo akiwa bado hana jina.

Pili kuna kumbi za densi za Texas. Gruene Hall ilijengwa 1878 na bado watu wanacheza hapo. George Strait alipiga shoo kibao kwa huo ukumbi kabla dunia imjue.

Tatu ni zile klabu kubwa kama uwanja. Billy Bob's Texas ya Fort Worth ilifunguliwa 1981, mwaka mmoja tu baada ya filamu ya Urban Cowboy, ambayo John Travolta aliigiza ndani ya klabu ya Gilley's huko Pasadena, Texas. Hiyo filamu ilifanya hadi wasee wa mjini wasiojua ng'ombe anakamuliwa wapi waanze kununua mabuti na kofia za kaboi.

Mbona wasing'ang'ane na redio tu?

Wanang'ang'ana. Mwaka wa 1960, Loretta Lynn na mzee wake walibeba rekodi za "I'm a Honky Tonk Girl" kwa gari, wakazunguka stesheni moja moja wakiomba ichezwe. Ilifika namba 14 kwa chati ya kantri ya Billboard. Lakini orodha ya redio ni fupi na foleni ni ndefu. Tena, kule Marekani, redio za kawaida za FM hulipa watunzi wa wimbo, sio aliyeuimba. Kama hukuandika hiyo ngoma, inaweza kuchezwa mchana kutwa na usione chapaa.

Klabuni hakimu ni mguu. Ngoma ikikataa, sakafu inabaki tupu na unajionea mwenyewe ndani ya dakika tatu. Ikikubali, watu watamuuliza DJ, "Hiyo ni ya nani?" Hilo swali ndilo promota amefuata huko.

Ngoma iliyobadilisha mchezo

Don Von Tress aliandika wimbo ambao kundi la Marcy Brothers lilirekodi 1991 kwa jina "Don't Tell My Heart". Haukuenda mbali. Mwaka uliofuata, Billy Ray Cyrus akautoa kama "Achy Breaky Heart" chini ya Mercury, na lebo ikafanya ujanja mmoja: wakamtumia mtunzi wa densi, Melanie Greenwood, kutengeneza stepu za kucheza kwa laini, kisha wakasukuma hiyo densi klabuni. Wimbo ulifika namba moja kwa chati ya kantri na namba nne kwa Hot 100. Albamu yake, Some Gave All, ilikaa namba moja wiki 17.

Wimbo ni ule ule. Kilichoongezeka ni msanii mpya na sababu ya watu kusimama.

Promota hufanya nini akifika?

*Anafika mapema.* Klabu nyingi hufunza densi jioni kabla umati ujae. Hiyo ndiyo saa ya kujulikana. Saa sita usiku DJ hana time yako.

*Anatafuta mwalimu wa densi.* Meneja anafungua mlango, lakini mwalimu ndiye watu wanamfuata. Akipenda ngoma, ataifunza kila wiki bila wewe kuwa hapo.

*Anajua mdundo.* Tu-stepu inataka mwendo usioyumba: haraka, haraka, pole, pole. Wolzi inahesabiwa kwa tatu. Ukipeleka balada ya kulia saa ya tu-stepu, umejimaliza.

*Anarahisisha stepu.* Densi nyingi za laini ni hesabu 32, mnageuka upande mwingine, mnaanza tena. Mlevi akiweza kuishika, imeshika.

*Anaheshimu sakafu.* Wanaocheza wawili wawili huzunguka ukingoni kinyume na saa, wa laini hukaa katikati. Ukisimama hapo na glasi ukipiga stori, tayari umechukiwa.

*Anarudi.* Ziara moja ni utalii. Ya tatu ndiyo kazi.

Hatari yake

Densi inaweza kummeza msanii. Cyrus alikuwa na hits zingine, lakini ukimtaja leo, wengi wanakumbuka ile moja tu. Ndio maana promota mwerevu haendi na ngoma ya kucheza peke yake. Sakafu ikishajaa, msanii anapanda na gita na kuimba ya pili, ile ya moyoni, ili watu waende home na jina lake.

Na usidhani TikTok imeua hii kitu. Mwaka wa 2024, Dasha alisukuma "Austin" kwa densi ya laini mtandaoni hadi ikaingia Hot 100. Sakafu imehamia kwa simu, ujanja ni ule wa 1992.

Na wewe hapa Kenya?

Hii si stori ya mbali. Sir Elvis amepiga kantri kwa baa za Nairobi miaka mingi, na mashabiki wanakuja na kofia zao. Na ushawahi kuona watu wakishikana mabega usiku wa mugithi? Hilo jina lenyewe ni treni kwa Kikuyu, na hakuna aliyesubiri redio imfunze kupanda.

Kwa hivyo kama uko na ngoma na hakuna mtangazaji anashika simu yako, tafuta baa yenye sakafu, ujue DJ ni nani, na ufike kabla kiti cha kwanza kikaliwe. Ukiona mguu mmoja unagonga chini ya meza, anzia hapo.