Diski inapopungua kasi baada ya kubadili kiini cha Linux

KOMPYUTA iliyokuwa ikinakili mafaili kwa dakika mbili inaweza, baada ya kuwekewa toleo jipya la Linux, kutumia dakika tano. Diski ni ileile na programu ni zilezile. Kilichobadilika ni kiini cha mfumo endeshi, yaani sehemu inayosimamia mawasiliano kati ya programu na vifaa. Kasoro ya namna hii ni ngumu kuikamata, kwani hakuna kinachoharibika wala onyo linalotokea.

Kazi ya kwanza ni kupima, na hapo ndipo wengi hupotea. Linux huweka katika kumbukumbu ya muda yale iliyokwisha kuyasoma, hivyo jaribio la pili huonekana la kasi ilhali diski haikuguswa kabisa. Kumbukumbu hiyo hufutwa kabla ya kila jaribio. Aidha, katika diski za sahani zinazozunguka, ukingo wa nje husomwa haraka kuliko sehemu za ndani. Faili likihama, vipimo navyo huhama. Programu ya fio, iliyoandikwa na Jens Axboe, huwezesha kurudia mzigo uleule wa kusoma na kuandika.

Vipimo vikishatulia, msako huanza. Toleo moja la Linux huweza kuwa na mabadiliko zaidi ya 10,000. Git, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005, ina amri ya bisect: mtafiti huitajia toleo zuri na toleo bovu, nayo humpa la katikati alijaribu. Nusu isiyo na kasoro huwekwa kando, inayobaki hugawanywa tena, na majaribio kama 14 hutosha. Kila moja hudai kiini kiundwe upya na kompyuta iwashwe upya. Kipimo kimoja cha uongo hupeleka msako wote kusikohusika.

Badiliko linalonaswa si lazima liwe kosa. Mwaka 2011, kuanzia toleo la 3.1, mfumo wa mafaili wa ext3 ulianza kuilazimisha diski, pasipo mtumiaji kuomba, kuandika kabisa data iliyokuwa katika kumbukumbu yake ya ndani kabla ya kuendelea. Hifadhidata, ambazo huthibitisha maingizo mara kwa mara, ndizo huumia zaidi kwa utaratibu huo. Lakini bila utaratibu huo, umeme ukikatika wakati mbaya, mpangilio wa mafaili waweza kuvurugika. Aliyeuzima kwa chaguo la barrier=0 alirudishiwa kasi pamoja na hatari yake; kwa mwenye duka ambaye hesabu zake zimo katika mashine isiyo na betri ya akiba, hiyo si biashara ya kumshauri mtu.