Kiti cha Illinois: Amana Iliyotiwa Bei

Tarehe 6 Novemba 2008 Kenya ilipumzika. Rais Mwai Kibaki alitangaza sikukuu ya taifa kusherehekea ushindi wa Barack Obama, mtoto wa Mkenya aliyechaguliwa kuwa Rais wa Marekani. Sisi tulioko ughaibuni tulipigiana simu, tukapongezana kana kwamba tumeozesha. Katika furaha ile ni wachache waliojiuliza swali lililobaki nyuma: Obama alikuwa Seneta wa Illinois, na muhula wake ulikuwa na zaidi ya miaka miwili mbele. Akiondoka, kiti chake kinakwenda kwa nani? Na nani mwenye haki ya kukitoa?

Swali hilo lilimpeleka gavana jela, likamvunjia heshima mzee aliyeitafuta kwa zaidi ya miaka thelathini, na likafufua mambo ambayo Marekani ilidhani imeyazika mwaka 1913. Tumeona tuisimulie habari hii kwa utaratibu, kwa sababu wengi wetu tumeshachukua uraia na tunapiga kura, lakini mlango huu mdogo wa kuingilia Seneti hatuujui vizuri.

Tuanze na msingi. Kila jimbo la Marekani, liwe kubwa au dogo, lina maseneta wawili, na kila mmoja huchaguliwa kwa miaka sita. Hapo zamani hawakuchaguliwa na wananchi. Katiba ya mwanzo iliwapa wabunge wa jimbo kazi hiyo: waheshimiwa wanakaa, wanapiga kura, wanamtuma mtu Washington. Ni rahisi kuona hatari yake. Ukitaka kuwashawishi wananchi laki kadhaa utahitaji hoja. Ukitaka kuwashawishi wabunge mia mbili, bahasha inaweza kutosha.

Kiti hiki hiki cha Obama kina historia ndefu ya bahasha hizo. Mwaka 1855, mwanasheria mmoja wa Springfield aitwaye Abraham Lincoln alikigombea mbele ya wabunge wa Illinois. Aliongoza katika raundi ya kwanza, lakini hakufika nusu. Raundi zilivyoendelea, kura zake zikapungua na za Gavana Joel Matteson zikapanda, huku minong'ono ikisema gavana ananunua watu. Lincoln akawaambia wafuasi wake waliobaki wampe kura Lyman Trumbull ili gavana asipite. Trumbull akashinda na kukaa Seneti miaka kumi na minane. Kamati ya sheria aliyoiongoza ndiyo iliyoyafikisha Seneti Marekebisho ya 13 ya Katiba, yale yaliyofuta utumwa. Kwa hiyo kiti alichokalia Obama ni kile Lincoln alichokikosa kwa hiari yake, ili kisiuzwe.

Miaka hamsini baadaye hakukuwa na Lincoln wa kukiokoa. Mwaka 1909 wabunge wa Illinois walishindwa kukubaliana tangu Januari hadi mwishoni mwa Mei, wakipiga kura tena na tena. Ghafla kura za vyama vyote viwili zikamwangukia William Lorimer, mwanasiasa mwenye mtandao mkubwa Chicago. Mwaka uliofuata, mbunge mmoja aitwaye Charles White alikiri katika gazeti la Chicago Tribune kwamba alilipwa dola 1,000 kwa kura yake. Seneti ikachunguza, na mara ya kwanza ikamwacha Lorimer kitini. Kelele za wananchi hazikunyamaza. Uchunguzi ukafunguliwa upya, na tarehe 13 Julai 1912 maseneta wakapiga kura 55 kwa 28 kwamba uchaguzi wake ulikuwa batili.

Aibu ya Lorimer haikuwa sababu pekee, kwani madai ya wananchi kuwachagua maseneta wao wenyewe yalikuwa ya miaka mingi. Lakini iliyasukuma sana. Tarehe 8 Aprili 1913 Marekebisho ya 17 yalikamilika, na tangu hapo seneta huchaguliwa na watu.

Hata hivyo waandishi wa marekebisho yale waliacha mlango mdogo. Seneta akifa, akijiuzulu au akipanda cheo, gavana anatakiwa aitishe uchaguzi; lakini bunge la jimbo linaweza kumruhusu gavana ateue mtu wa muda mpaka wananchi wapige kura. Muda huo ni mrefu kiasi gani? Kila jimbo liliachiwa liamue lenyewe. Mchele mmoja, mapishi mengi. Kuna majimbo yanayomtaka gavana ateue mtu wa chama cha seneta aliyeondoka, na mengine yanamwacha achague ampendaye. Mengine yamemnyima kabisa kalamu hiyo. Illinois ilimwachia gavana karibu kila kitu.

Haikuchukua muda mlango ule kutumiwa vibaya. Mwaka 1926 Frank L. Smith alishinda uchaguzi wa kiti hiki. Smith alikuwa mwenyekiti wa tume ya jimbo iliyosimamia makampuni ya umeme na gesi, na kampeni yake ilipokea zaidi ya dola 100,000 kutoka kwa Samuel Insull, tajiri wa umeme wa Chicago. Yaani mlinzi wa zizi alilishwa na fisi. Kabla muhula mpya haujaanza, seneta aliyekuwepo, William McKinley, akafariki Desemba 1926. Gavana Len Small akamteua Smith amalizie miezi iliyobaki. Smith akaenda Washington na karatasi yake ya uteuzi. Seneti ikakataa kumwapisha, na ilipofika zamu ya muhula aliochaguliwa ikamkataa tena. Mwaka 1928 akajiuzulu bila kuwahi kuapishwa.

Sasa turudi mwaka 2008. Obama alijiuzulu useneta tarehe 16 Novemba. Gavana wa Illinois alikuwa Rod Blagojevich, wa chama cha Democratic, aliyechaguliwa mara ya kwanza mwaka 2002 kwa ahadi ya kusafisha serikali. Wapelelezi wa FBI walikuwa tayari wanamchunguza kwa mambo mengine, na simu zake zilikuwa zinasikilizwa. Walichokisikia kikawashtua. Gavana alikuwa akipiga hesabu: akimteua huyu, atapata uwaziri au ubalozi? Akimteua yule, atapewa kazi yenye mshahara mnono katika taasisi? Mkewe atapata ujumbe wa bodi? Michango ya kampeni je? Katika mazungumzo yaliyokuja kujulikana dunia nzima, alisema kitu alicho nacho ni dhahabu na hakitoi bure. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na Blagojevich aliifanya methali hiyo kuwa sera ya ofisi.

Alfajiri ya Jumanne, 9 Desemba 2008, FBI walimkamata nyumbani kwake Chicago. Hapa ndipo siasa ilipokuwa ngumu, kwa sababu kukamatwa si kuhukumiwa. Alitoka kwa dhamana akiwa bado gavana, na kalamu ya uteuzi bado iko mkononi. Maseneta wa chama chake mwenyewe wakamwandikia barua kumwonya kwamba hawatampokea mtu atakayemteua. Springfield wakazungumza habari ya kubadili sheria ili wananchi wapige kura. Dawa ilikuwa hiyo, na kila mtu aliijua. Lakini viongozi wa Democratic wakahofia: uchaguzi ukifanyika katikati ya kashfa, Republican wanaweza kukichukua kiti. Wazo likafa. Tukumbuke jambo hili, kwani gavana alitaka kukiuza kiti, lakini waliokuwa na uwezo wa kukirudisha kwa wenyewe nao waliogopa hasara ya chama chao.

Tarehe 30 Desemba Blagojevich akafanya kile ambacho wengi walidhani hatathubutu. Alimteua Roland Burris.

Chaguo hilo lilikuwa la kijanja. Burris hakuwa mtu wa kashfa. Alikuwa na umri wa miaka 71, na mwaka 1978 alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuchaguliwa na jimbo zima la Illinois, akawa mkaguzi mkuu wa fedha za jimbo, kisha mwanasheria mkuu. Baadaye aligombea ugavana mara tatu bila mafanikio. Alikuwa ameshajijengea kaburi la fahari katika makaburi ya Oak Woods, Chicago, limechongwa vyeo vyake na maneno ya kumtaja kuwa mfungua njia. Useneta aliutamani tangu zamani.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Mpaka wakati huo Seneti ilikuwa imepata watu Weusi watano tu katika historia yake yote: Hiram Revels na Blanche Bruce wa Mississippi katika karne ya 19, Edward Brooke wa Massachusetts, kisha Carol Moseley Braun na Obama, wote wawili wa Illinois na wote wawili katika kiti hiki hiki. Obama alipoondoka, hakubaki hata mmoja. Siku ya kutangazwa Burris, Mbunge Bobby Rush, yule aliyemshinda Obama mwaka 2000, alisimama mbele ya waandishi akawasihi wasimnyonge mteuliwa kwa makosa ya mteuaji. Neno kunyonga, katika nchi yenye historia kama ya Marekani, si neno la kupita hivi hivi. Maseneta waliokuwa wamesema hawatampokea yeyote wakajikuta wanamfungia mlango mtu Mweusi pekee anayebisha hodi.

Na kweli walimfungia. Katibu wa Jimbo, Jesse White, naye pia Mmarekani Mweusi, alikataa kutia sahihi hati ya uteuzi. Tarehe 6 Januari 2009 Burris alifika bungeni Washington, akaambiwa hati yake haijakamilika, akatolewa nje kwenye mvua huku kamera zikimfuata. Siku tatu baadaye Mahakama Kuu ya Illinois ikaamua kwamba uteuzi ni halali hata bila sahihi ya White. Tarehe 15 Januari akaapishwa. Blagojevich mwenyewe aliondolewa ugavana tarehe 29 Januari, kwa kura 59 bila ya upinzani katika seneti ya jimbo.

Lakini nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwezi Februari Burris alitoa maelezo mapya ya kiapo, yakionyesha kwamba kabla ya uteuzi aliwahi kuzungumza na kaka yake gavana kuhusu kuchangisha fedha, jambo ambalo hakulieleza wazi alipohojiwa mwanzo. Hakushtakiwa, ila Novemba 2009 kamati ya maadili ya Seneti ilimpa karipio. Hakugombea mwaka 2010. Mahakama ya shirikisho ikasisitiza kwamba wananchi wa Illinois wana haki ya kujaza nafasi ile kwa kura, hata kwa wiki chache zilizobaki, na Novemba 2010 Mark Kirk wa Republican akashinda. Kile chama kilichokihofia mwaka 2008 kikatokea vilevile, miaka miwili baadaye.

Blagojevich alihukumiwa kifungo cha miaka 14 mwezi Desemba 2011, akaingia gerezani Machi 2012. Rais Donald Trump alimpunguzia adhabu akatoka Februari 2020, na Februari 2025 akampa msamaha kamili. Kuna wanaosema hadi leo kwamba alichofanya ni siasa ya kawaida iliyonaswa kwenye mkanda, kwa kuwa kubadilishana fadhila ndiyo kazi ya wanasiasa. Hoja hiyo si ya kipuuzi: mwaka 2015 mahakama ya rufaa ilifuta makosa matano kati ya yale aliyotiwa hatiani, ikisema kuomba cheo kwa ajili ya uteuzi si sawa na kuomba fedha. Lakini makosa mengine ilayaacha, na kifungo hakikupungua.

Tusidhani Illinois ilikuwa peke yake. Mwaka 2002 Frank Murkowski wa Alaska aliacha useneta akawa gavana, kisha akakijaza kiti chake mwenyewe kwa kumteua binti yake, Lisa. Massachusetts mwaka 2004 wabunge wa Democratic walimnyang'anya Gavana Mitt Romney, wa Republican, uwezo wa kuteua. Mwaka 2009, alipofariki Edward Kennedy na gavana akiwa wa chama chao, wakaurudisha haraka.

Wala uteuzi si lazima uzae uchafu. Tim Scott wa South Carolina aliingia Seneti Januari 2013 kwa kuteuliwa na Gavana Nikki Haley, kisha akashinda kwa kura za wananchi. Kiti cha Kamala Harris wa California kilimwendea Alex Padilla mwaka 2021, naye pia alikuja kuchaguliwa. Tofauti ni kwamba hao walisimama mbele ya wapiga kura wakakubaliwa.

Na kwetu? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilipoirudisha Seneti, iliweka kwamba kiti cha seneta aliyechaguliwa kikiwa wazi hujazwa kwa uchaguzi mdogo ndani ya siku tisini. Gavana wa kaunti hana kalamu hapo. Wanaolalamika kuhusu gharama za chaguzi ndogo wana haki ya kulalamika, lakini waangalie na Illinois iligharimika nini.

Kwa sisi tunaopiga kura Marekani, funzo liko karibu. Tunapomchagua gavana tunafikiria kodi, shule na barabara, na tunasahau kwamba siku moja, kwa kifo au kwa bahati ya mtu, anaweza kumchagua seneta kwa niaba yetu. Tuulize sheria ya jimbo letu inasemaje. Kiti cha Seneti ni amana ya watu, na aliyekabidhiwa amana kwa muda hana ruhusa ya kuitia bei. Lincoln alilijua hilo mwaka 1855, akapoteza kiti na akabaki na jina. Gavana wa mwaka 2008 alitaka kupata vyote viwili.