Deni la Kongo na Mgawanyo wa Gharama za Amani

Umoja wa Mataifa ulipopeleka askari Kongo mwaka 1960, India, Ethiopia na Ghana zilitoa vijana wao, ilhali Ufaransa na Muungano wa Kisovieti, zenye kura ya turufu, yaani uwezo wa kuzuia maazimio ya Baraza la Usalama, zilikataa kulipa, hata baada ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kushauri mwaka 1962 kwamba gharama hizo ni za Umoja wenyewe. Kwa kuwa malimbikizo ya michango ya miaka miwili humnyima mdaiwa kura katika Baraza Kuu, kikao kilichoanza mwaka 1964 kiliendeshwa karibu chote bila kura, kichekesho kwa chombo kilichoundwa kupiga kura, ili wakubwa wasiaibike. Mwaka 1973, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani Sinai kilipoundwa, nchi ziligawanywa katika makundi manne ya kulipia gharama, wanachama wa kudumu wa Baraza la Usalama wakibeba nyongeza ya kufidia kiasi walichopunguziwa maskini. Askari, hata hivyo, waliendelea kutolewa kwa hiari.