Mkonge, Mkia wa Nyumbu na Ufumi wa Vibao

Mtu wa pwani akisikia mfumi hukumbuka kitanda chake, mtande na mshindio. Vigae vilivyotobolewa katikati, vya kusokotea uzi wa pamba, vimefukuliwa Kilwa kwa wingi, na ufumi huo ulidumu karne nyingi kabla ya merikani ya Salem kujaa Unguja katika karne ya 19.

Lakini uko ufumi usio na kitanda. Mfumi huchukua vibao vidogo vya pembe nne, vya mti, ngozi au mfupa, vyenye tundu nne kila kimoja, akapitisha uzi katika kila tundu. Ncha moja ya mtande huifunga mtini, ya pili kiunoni mwake. Akivigeuza vibao vyote pamoja robo ya mzunguko, nyuzi huachana, mshindio ukapita. Na kila nyuzi nne hujisokota zikawa kamba. Kwa hakika mshipi wa vibao ni kamba nyingi zilizolazwa ubavu kwa ubavu.

Kazi hii si ya kudharauliwa. Katika merikebu ya maziko iliyofukuliwa Oseberg, Norwei, mwaka 1904, vilikutwa vibao 52 vikiwa bado na nyuzi zake. Karibu nasi zaidi, Wahabeshi wa karne ya 18 walifuma kwa mamia ya vibao mapazia ya hariri ya makanisa. Moja limo British Museum, London, tangu Waingereza walipoiteka Magdala mwaka 1868.

Nchi ya Tarime na Serengeti haikuwa nchi ya wafumi wa nguo. Wakuria, Waikoma, Wanata na Wangoreme walivaa ngozi hadi nguo za madukani zilipowafikia. Kamba, hata hivyo, waliijua barabara, na sehemu ya kamba hizo ilitoka katika mkonge wa porini. (Neno mkonge, ambalo leo hutajwa kwa katani iliyoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, lilikuwa kwanza jina la mmea huo wa kienyeji.) Waikoma, wawindaji hodari, waliwapelekea Wasukuma mikia ya nyumbu, wakarudi na mifugo, singa zake zikafanywa mapambo ya mikono na miguu. Biashara hiyo ilikuwa na heshima yake. Hifadhi ya Serengeti ilipoundwa mwaka 1951, na mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo mwaka 1994, mwenye mkia wa nyumbu akawa jangili.

Kwa hiyo wanaotaka kuupeleka ufumi wa vibao Mara hawapandi mbegu ngeni kabisa. Ajuaye kusokota kamba amekwisha kupata nusu ya kazi, na mshipi wa pamba haumpeleki mtu mahakamani. Shida iko kwingine. Kamba ya nailoni ni rahisi na haiozi, basi mfugaji hana haja ya mshipi uliomla mtu siku mbili. Abaki mgeni apitaye Mugumu kwenda mbugani. Naye amezoeshwa kutafuta shanga za Kimasai, hata akiwa katikati ya Waikoma. Mshipi wa Mkuria utakaouzwa kwa jina la Mmasai utamlisha mfumi, pengine, ila utazidi kumfuta yeye na watu wake machoni pa mnunuzi.

Tena kuna uzi. Pamba hulimwa Serengeti, na Musoma kulijengwa kiwanda cha nguo cha MUTEX katika zama za viwanda vya serikali. Hata hivyo sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa ng'ambo kabla ya kusokotwa. Vibao vyaweza kukatwa kwa kisu katika karatasi ngumu ya boksi, saa moja ikatosha. Uzi wa kuvipitisha hununuliwa dukani, kwa bei ya dukani, na mke wa mkulima aliyeiuza pamba yenyewe kwa kilo.