Nasaba za Kisangani: ngoma, bin na daftari la padri

Mwaka 1972 Rais Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kizungu, Joseph wa jana akawa mtu mwingine katika karatasi za serikali, huku daftari la ubatizo likibaki na Joseph wake. Kwa hiyo anayetafuta ukoo wake Kisangani leo hukuta babu mmoja mwenye majina mawili, na mji wenye mawili vilevile: hadi 1966 uliitwa Stanleyville.

Kabla ya karatasi kulikuwa na ngoma. Walokele, wavuvi na wachuuzi wa mtoni upande wa chini wa mji, walitumiana habari kwa ngoma ya gogo lililochimbwa ndani, lenye sauti mbili, nene na nyembamba. John Carrington, mmisionari Mbaptisti Mwingereza aliyefika Kongo mwaka 1938 na kufanya kazi Yakusu, alijifunza kuipiga na mwaka 1949 akatoa kitabu juu yake. Alieleza kwamba jina kamili la mtu kwenye ngoma lilikuwa na sehemu tatu: jina lake mwenyewe, jina la ngoma la baba yake, kisha kijiji cha mama yake. Aliyemwita mtu kutoka ng'ambo ya mto alikuwa ametangaza nasaba yake kwa pande zote mbili. Sijaona cheti cha kuzaliwa kinachojali kijiji cha mama kiasi hicho.

Waungwana, yaani Waislamu waliotoka pwani, walikuja na utaratibu mwingine. Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab el-Murjebi, ambaye sote tunamwita Tippu Tip, alibeba ukoo wake ndani ya jina. Mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alimfanya liwali wa Stanley Falls, eneo la Kisangani ya leo. Mwaka 1890 akarudi pwani, na alifia Zanzibar mwaka 1905. Lakini tuwe waangalifu na hizo bin. Wengi wa watu wake walitekwa Manyema wangali watoto, wakapewa majina ya Kiislamu na kuhesabiwa katika watu wa bwana. Jina la namna hiyo laweza kukupeleka kwa aliyemmiliki babu yako badala ya aliyemzaa.

Daftari la padri lilianza na Padri Gabriel Grison, aliyefika mwaka 1897 na kuanzisha misheni ya Mtakatifu Gabrieli. Ukibahatika kufunguliwa daftari la parokia, usiishie kwenye mstari wa jina la mtoto, baba, mama na msimamizi. Soma pembeni: hapo ndipo padri huandika baadaye kwamba huyu alifunga ndoa, lini na parokia gani. Mstari mmoja unaweza kukuhamisha kutoka Mangobo hadi Buta.

Karatasi nyingi za wakoloni ziko Brussels. Sensa ya mwisho ya nchi nzima ilifanyika mwaka 1984, na kadi ya mpiga kura, ambayo wengi wetu tunaitumia kama kitambulisho, haitakufikisha kwa babu wa babu. Waayalandi wanaijua hali hii ya kukosa karatasi: Juni 1922, vita vilipoingia Dublin, nyaraka zao nyingi za kale ziliteketea. Wao huanza na sensa za 1901 na 1911 zilizosalia, kisha hurudi nyuma kwa madaftari ya parokia na orodha za wapangaji wa ardhi.

Sisi tuanze na wazee, na swali la kwanza lisiwe jina la babu, kwa kuwa majina yamebadilishwa mara nyingi mno. Uliza kijiji cha mama yake. Kwa Mgenia, mvuvi wa maporomoko ya mji, uliza ukoo wao hutega wapi. Rekodi jibu kwenye simu, andika tarehe na jina la aliyesema, na ufanye hivyo kabla ya kwenda parokia, maana bila jina la kijiji katibu hatajua akufungulie daftari lipi.