Sadaka, Wakfu na Mchango: Maneno ya Kutoa na Historia Yake



Katika hesabu zetu za kila mwaka, fedha wanazopewa wafiwa, wagonjwa na watoto wa shule huandikwa zote chini ya neno moja, nalo ni «sadaka». Yafaa tuulize kama neno hilo latufaa, kwa maana lugha yetu ina maneno mengi ya kutoa, na kila moja lina ukoo wake.

Sadaka lilitoka katika Kiarabu, nalo ni ndugu wa «kusadiki». Atoaye huonyesha kwamba imani yake ni ya kweli. Zaka nayo asili yake ni kutakasika na kukua. Kwa Mwislamu zaka ya fedha ni sehemu moja katika 40 ya mali iliyotimiza kiwango na kukaa mwaka mzima. Kwa Mkristo neno hilo hilo ni fungu la kumi. Hapa Bondeni, ambapo mwenye kanzu na mwenye kitabu cha nyimbo hupanga nyumba moja, watu wawili waweza kutamka zaka huku kila mmoja akihesabu kiasi chake.

Lakini neno lenye historia ndefu zaidi ni wakfu. Maana yake ya kwanza ni kusimamisha: mwenye nyumba, shamba au kisima huisimamisha mali yake isiuzwe wala isirithiwe, faida yake iendelee kwenda msikitini au kwa maskini hata baada ya yeye kufa. Pwani ya Kenya mali za namna hiyo zilikuwa nyingi hata Serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya Makamishna wa Wakfu mwaka 1951, ambayo mahali pake pamechukuliwa na sheria mpya ya mwaka 2022. Wakristo nao walilichukua neno, wakaweka wakfu madhabahu na wachungaji. Matajiri wa pwani walitoa pia majengo kwa watu wote. Tharia Topan aliwekesha jiwe la msingi la hospitali Unguja mwaka 1887, akafariki mwaka 1891 kabla jengo halijakwisha. Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka 1897, alitoa fedha za hospitali ya Dar es Salaam, nayo ikaitwa kwa jina lake.

Mbona basi wakfu haukuota mizizi sana miongoni mwa Waafrika wa Bondeni? Jibu si uchoyo. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mji ukakua katikati ya nyanda zilizotengewa walowezi. Mwafrika aliingia humo kama kibarua, karani, askari au mchuuzi, na tangu miaka ya 1920 mwanamume alitembea na kipande chake. Alikuwa mpangaji. Mtu asiye na kiwanja atasimamisha nini?

Alichokuwa nacho ni nguvu zake na shilingi chache za mwisho wa mwezi. Ndipo neno letu wenyewe, mchango, likapata kazi. Kuchanga ni kukusanya kidogo kidogo. Walikotoka watu hawa desturi hiyo ilikuwako: Wakikuyu walikuwa na ngwatio, Wakamba mwethya, Wajaluo saga, na pwani jirani hupeleka ubani kwa mfiwa. Mjini desturi hizo zikavaa nguo mpya, yaani daftari, mweka hazina na kadi ya uanachama. Vyama vya watu wa wilaya moja vilizika wafu, vilisafirisha maiti hadi nyumbani, vilimlipia nauli aliyefukuzwa kazi. Vingine vilikua vikubwa, kama Luo Union, hata mwaka 1980 Serikali ilipotaka vyama vya kikabila vivunjwe.

Hapa ndipo tofauti ilipo. Atoaye sadaka hatazamii kurudishiwa na aliyempa. Atoaye mchango leo ndiye atakayepokea kesho, naye mjane wake atakuja mezani kudai, wala hatakuja kuomba.

Neno harambee lilipotangazwa na Mzee Kenyatta tarehe 1 Juni 1963 lilibeba maana hiyo hiyo ya kuvuta pamoja, na shule nyingi zilijengwa kwalo. Baadaye likawa jukwaa la wakubwa kusomewa majina na kiasi walichotoa, mpaka sheria ya maadili ya mwaka 2003 ikawawekea watumishi wa umma mipaka. Tanzania walipata shida kama hiyo na neno takrima: sheria ya mwaka 2000 iliruhusu wagombea kuwakirimu wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikalitangua jambo hilo. Ukarimu wenye kutafuta kura una jina lake jingine, nasi sote twalijua.

Januari 1908 isingaliweza kuwaza yaliyotokea Januari 2008, maelfu ya waliokimbia makwao walipolala katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Hapo unga na blanketi vilitolewa kwa watu wasiowahi kulipa ada ya chama chochote. Hiyo ilikuwa sadaka kweli kweli, na neno halikumwaibisha mtu.

Kwa hiyo naiomba Kamati, katika taarifa ijayo, daftari ligawanywe safu mbili. Ya kwanza iandikwe «Sadaka», kwa wageni na waliopatwa na maafa. Ya pili iandikwe «Haki ya Mwanachama», na majina ya wajane wetu yahamishiwe huko.